Madaktari wa mifugo wa kila kabila: uzi wa wafugaji na wahudumu wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

DaktariKuresoi (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, wafugaji na wenzangu wa fani, hamjambo.

Naomba tuzungumze jambo ambalo katika mikutano yetu hunong'onwa tu wakati wa chai. Katika ofisi nyingi za mifugo za kaunti, ukisoma orodha ya wafanyakazi kutoka juu hadi chini utadhani unasoma majina ya ukoo mmoja. Kwa Waluo ni Waluo, kwa Waluhya ni Waluhya, kwa Wakalenjin ni Wakalenjin. Wengi tumelizoea. Mimi nimekataa kulizoea kwa sababu nimeona linavyoua ng'ombe.

Mimi ni Mluhya wa Kakamega, ninafanya kazi Kuresoi. Wanaoijua Kuresoi wanajua mapigano ya kikabila yaliyotokea huko 1992, 1997 na 2008. Kuna vilima ambavyo upande huu wanaishi Wakipsigis, upande ule Wakikuyu, na ng'ombe wa pande zote wanakunywa mto mmoja. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia mahali kama hapo, unachanja wote au umefanya kazi bure. Virusi vyake hapa Kenya ni vya aina kadhaa, O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo inayotengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, pale Embakasi inabidi irudiwe kila baada ya miezi 6 hivi. Mara mbili kwa mwaka, basi, unahitaji mfugaji akuamini kiasi cha kuwatoa ng'ombe wake zizini na kuwaleta krashi, kile kibanio cha kushikia ng'ombe. Asiyekuamini anawaficha. Anaambiwa chanjo ya wale wengine inatoa mimba. Nimeyasikia maneno hayo pande zote mbili za mto, yale yale, kwa lugha tofauti.

Mimi kwa kuwa si wa upande wowote, naingia kote. Lakini kuna mahali sifiki. Mzee wa Kikipsigis akianza kueleza jinsi ndama alivyoacha kunyonya, masikio yakalala, akasimama peke yake kivulini, mwenzangu anayejua Kikalenjin anapata historia yote ya ugonjwa kwa dakika chache. Mimi napata nusu yake kwa Kiswahili cha kubahatisha. Na kwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoenezwa na kupe, ile nusu iliyobaki ndiyo roho ya ndama. Tezi ya chini ya sikio huvimba mapema, homa inapanda, na dawa ya buparvakwoni husaidia sana ikiwahi. Mapafu yakishajaa maji na povu likianza kutoka puani, mfugaji amelipa dawa ghali na ng'ombe amekufa vilevile.

Sheria tunazo. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tume ya Uwiano na Utangamano yenyewe ilipokagua kaunti mwaka 2016 ilikuta nyingi hazijaifikia hiyo asilimia 30. Nyinyi mnaona njia ni ipi?

MkulimaRongai

Daktari, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akilala chini baada ya kuzaa, sina muda wa kuuliza kabila la anayekuja na chupa ya kalisiamu. Nataka ajue kazi na awe na pikipiki yenye mafuta. Hayo mambo ya kugawana nafasi kwa kabila ndiyo yaliyoiharibu nchi hii, na sasa mnataka kuyaleta zizini.

Na lingine. Kijana wangu amesomea hiyo kazi, nimeuza shamba la urithi kumlipia karo, na mpaka leo hajapata ajira ya serikali. Utamwambiaje mzazi kama mimi kwamba nafasi ya hapa nyumbani apewe mtu wa mbali?

NyarKano (Ahero)

Mzee wa Rongai, pole kwa hilo la kijana. Nami nina langu.

Mimi ni afisa wa afya ya mifugo, nimesoma AHITI, vyuo vya serikali vya afya ya mifugo, ninafanya kazi za kibinafsi kati ya Ahero na Muhoroni. Niliwahi kwenda usaili katika kaunti fulani ambayo si ya kwetu. Nilijibu maswali yote ya kazi, kisha mmoja wa waliokaa mezani akaniuliza kama nitaweza kuishi na watu wa huko. Hakuna mwombaji mwingine aliyeulizwa hivyo, niliwauliza nje. Sikupata kazi. Kwa hiyo mtu akisema tuangalie uwezo tu, mimi namuuliza ni nani aliyewahi kuangaliwa uwezo tu.

Daktari, umesahau jambo moja. Unazungumza kana kwamba huduma ya mifugo ni madaktari wenye shahada pekee. Huku kwetu daktari ni mmoja na wadi ni nyingi. Anayepiga sindano usiku, anayefanya AI, yaani kupandikiza mbegu kwa ng'ombe, anayekagua nyama machinjioni, ni sisi wa cheti na diploma. AHITI za Kabete, Nyahururu na Ndomba zote ziko upande wa kati wa nchi au karibu nao. Msichana wa Nyakach au wa Budalang'i akitaka kusomea kazi hii, anaanza kwa kuhesabu nauli na kodi ya chumba kabla hata ya karo. Ukitaka mchanganyiko, anzia hapo.

Muhoroni ni mpaka, kila mtu anajua historia yake. Upande wa juu ni Wanandi na Wakipsigis, chini Waluo, kwenye mashamba ya miwa kuna Waluhya na Wakisii. Mbwa mwenye kichaa hajui mpaka wa kaunti. Akitoka kwenye miwa ameuma mtoto wa mtu yeyote. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kwa hilo inabidi mbwa kama 7 kati ya 10 wachanjwe kila eneo. Siku ya chanjo nikienda upande wa juu peke yangu, wanakuja wachache. Nikienda na kijana wa Kinandi tunayefanya naye kazi, watoto wanawaburuta mbwa kwa kamba tangu asubuhi. Tumeona hivyo kila mwaka.

DaktariKuresoi

NyarKano, dada, umenisahihisha na nashukuru. AHITI ziingie kwenye mjadala.

MkulimaRongai, mzee wangu, hoja yako si ndogo na sitaki kuipita juu juu.

La uwezo kwanza. Hakuna anayeomba mtihani ulegezwe. Anayetibu mifugo Kenya lazima asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, chini ya sheria ya 2011, awe Mgusii, Mteso au Mrendille. Kipimo ni kimoja. Ninachouliza ni nani anayefikishwa mbele ya kipimo hicho.

Wamarekani wamelipitia jambo hili kwa upande wa rangi, na safari yao inafundisha. Hadi leo karibu madaktari wa mifugo 9 kati ya 10 kule ni Wazungu. Mwaka 1945, enzi za ubaguzi wa kisheria ambapo mtu Mweusi wa majimbo ya kusini alifungiwa milango ya vyuo, Frederick D. Patterson, mwenyewe daktari wa mifugo na mkuu wa Tuskegee kule Alabama, alianzisha hapo shule ya udaktari wa mifugo. Shule hiyo moja imefundisha takriban asilimia 70 ya madaktari wote Weusi wa mifugo wa Marekani. Nchi ile sasa ina vyuo zaidi ya 30 vya fani hii! Mwaka 2005 chama cha vyuo hivyo kilianzisha mpango maalumu wa kuvutia wanafunzi wa kila rangi, miaka 60 baada ya Tuskegee, na bado safari ni ndefu. Naona mambo mawili hapo. Chuo kimoja kilichoamua kinaweza kubadilisha sura ya fani nzima. Na vyuo vingine vikikaa kusubiri mambo yajibadilishe yenyewe, hayabadiliki.

Nao walioingia hawakuja kuombewa alama. Mwaka 1949 walihitimu wanawake Weusi wawili wa kwanza wa fani hii nchini humo, Alfreda Johnson Webb pale Tuskegee na Jane Hinton katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hinton, kabla ya kusomea mifugo, alifanya kazi maabarani Harvard, na mwaka 1941 yeye na John Howard Mueller walichapisha utaratibu wa kutengeneza agari ya Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria. Mzee, ukipeleka maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele maabarani, wakitaka kujua antibiotiki gani itawaua bakteria hao, huwaotesha juu ya agari hiyo. Mfugaji wa Rongai anafaidi kazi ya mwanamke ambaye alizaliwa katika nchi iliyowafungia watu wa rangi yake vyuo vingi.

Sasa la kijana wako. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipoacha kumwajiri kila mhitimu moja kwa moja, nafasi zimekuwa chache na sisi tunanyang'anyana hizo chache. Lakini itazame hiyo asilimia 30 kwa upande wa pili. Hakuna kabila lenye wengi katika kaunti zote 47, hata la kijana wako lina wengi katika kaunti chache tu. Katika kaunti nyingine zote zilizobaki yeye ndiye mgeni ambaye kifungu hicho kinamlinda. Busia wakikifuata, Turkana wakikifuata, Homa Bay wakikifuata, kijana wako ana milango mingi zaidi ya huo mmoja wa nyumbani uliojaa watu.

MkaziWaLanet

Nasoma kimya lakini hapa kwa historia ya Nakuru naomba niingie.

Egerton pale Njoro ilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Mwafrika alikuwepo pale kama kibarua wa zizi. Ni baadaye ndipo ikawapokea watu wa rangi zote, ikawa chuo kikuu 1987, na leo ina kitivo cha udaktari wa mifugo chenye wanafunzi wa kutoka pande zote za nchi. Kabla ya hapo shahada hii ilifundishwa Kabete tu, tangu 1962. Kwa hiyo jambo hili la nani aingie na nani abaki nje si geni kwa udongo huu wetu.

Tena Profesa Wangari Maathai. Watu wanamjua kwa miti. Utotoni aliishi kwenye shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi. Mwaka 1966 alirudi kutoka Marekani kuchukua kazi aliyoahidiwa katika idara ya zoolojia Nairobi, akakuta imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini sababu ilikuwa ukabila na kwamba yeye ni mwanamke. Aliyempokea ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, katika idara mpya ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 akapata uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na baadaye akaiongoza idara hiyo hiyo. Madaktari wengi wa mifugo wa rika lile walifundishwa viungo vya ng'ombe na mama huyo. Idara ya kwanza ilimkosa kwa kukataa, ya pili ikampata.

MwanaWaKalokol

Habari zenu wakubwa. Natoka Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, nasomea udaktari wa mifugo, mwaka wa nne. Mimi naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaotoka kwa wafugaji wa kuhamahama.

Sehemu kubwa ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wa nchi hii iko kwenye kaunti kavu. Madaktari wanaotoka huko ni wachache mno. Nyumbani mtoto wa miaka 10 anaweza kumfungua mbuzi aliyekufa akakuonyesha ini lenye minyoo na mapafu yaliyoshikana na mbavu. Lakini mtoto huyo huyo anafika kidato cha nne hajawahi kuangalia ndani ya hadubini. Mimi ya kwanza niliigusa chuoni. Mwenzangu wa chumba alitoka shule kubwa, hadubini anaijua vizuri, ila mbuzi hajawahi kumshika miguu. Tumefundishana. Yeye sasa anafunga mbuzi kamba kama Mturkana, na mimi natambua vimelea kwenye damu bila kuuliza mtu.

Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu kutokomezwa na binadamu, baada ya ndui. Mara ya mwisho ilionekana hapa kwetu Kenya, mwaka 2001, Hifadhi ya Meru. Na hatua za mwisho zilipatikana vipi? Ilitengenezwa chanjo inayostahimili joto, ikapelekwa katika maeneo ambayo gari la barafu halifiki, na huko Sudan Kusini, Afar na Karamoja waliochanja ni wafugaji wenyewe waliofunzwa. Watu wanaoijua njia ya malisho na lugha ya kambi. Mwaka 2006, sotoka ya mbuzi na kondoo ikaingia Turkana. Bibi yangu alipoteza karibu mbuzi wote. Waliochunga waliona kwamba ugonjwa ule ni mgeni, na ukiwa daktari unayeelewa wanachosema unachukua sampuli siku hiyo hiyo.

Kuna ugonjwa mwingine, ule wa mafuko ya maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, unaotokana na minyoo ya mbwa. Turkana inatajwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Kuuzuia inabidi uketi na akina mama mzungumze kuhusu mbwa anayelala na watoto na matumbo anayotupiwa wakati wa kuchinja. Hayo si mazungumzo ya kupitia kwa mkalimani.

Simaanishi Turkana itibiwe na Waturkana peke yao. Nikihitimu nataka nifanye kazi Trans Nzoia miaka michache nijue ng'ombe wa maziwa vizuri. Na ninataka mtu wa Trans Nzoia aje Loima ajue ngamia.

MwalimuBondo

Mwanangu wa Kalokol, umenigusa. Mimi nafundisha biolojia shule ya upili ya kutwa.

Wadau, mnazungumza kuhusu ajira na chuo, lakini mtoto anapotea mapema zaidi. Anapotea pale anapochagua masomo. Akiacha biolojia, au akibaki nayo bila kemia nzuri, mlango wa mifugo umefungwa na yeye hajui hata kama ulikuwepo. Ukiwauliza darasani nani anataka kuwa daktari, mikono inajaa. Uliza wa mifugo, kimya. Huku kwetu wanamjua mtu wa AI anayepita na mtungi kwenye bodaboda, basi. Hawajui kwamba kuna anayefanya upasuaji, anayepima maabarani, anayelinda nyama na maziwa wanayokula, anayetibu samaki wa vizimba pale ziwani. Wasichana ndio zaidi, kwa kuwa nyumbani ng'ombe ni wa baba na kuku ni wa mama, na kazi ya kuku haihesabiwi kuwa ufugaji.

Shule kubwa za kitaifa zina siku ya taaluma, wageni wanakuja na magari. Kwetu hajawahi kuja hata mmoja. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyeombwa.

MkulimaRongai

Nimesoma yote. La kipimo kimoja limeniingia, na hilo la kaunti nyingine sikuwa nimelifikiria. Nimemwambia kijana atume maombi Busia na Baringo, tuone.

Lakini nabaki na neno langu moja na daktari asilipuuze. Mkimpeleka mtu mbali, mpeni nyumba na usafiri. Mgeni asiye na pikipiki anakaa ofisini, na wananchi watasema ni kabila lake kumbe ni petroli. Nimeliona hilo kwa macho yangu: alikuja binti Mkamba, mzuri wa kazi, miezi michache tukamzoea kabisa, akaondoka kwa sababu alikuwa analipa bodaboda kutoka mfukoni mwake.

DaktariKuresoi

Mzee, hilo ni kweli tupu na nitalibeba kama lilivyo. Bajeti ya mafuta ya wahudumu wa nyanjani iandikwe pamoja na tangazo la kazi.

Kila mwaka kaunti huendesha vikao vya umma vya bajeti. Mimi nitasimama kwetu niombe mambo matatu: orodha ya wahudumu wa mifugo kwa kabila na jinsia isomwe hadharani, basari za wadi ziwafikie wanaosomea AHITI na si wa chuo kikuu pekee, na hiyo petroli. Kila mmoja aulize kwake, hata kama ni swali moja.

NyarKano

Kisumu nitasimama mimi. Kwenye orodha ya kaunti nitaomba na wakaguzi wa nyama wahesabiwe.

MwanaWaKalokol

Mwalimu, chuo kinafunga mwezi wa nane. Nauli ya kufika Bondo naweza kuipata. Nikija na mwenzangu wa chumba, yeye ni Mmeru, mtatupokea siku moja? Tuna koti, vifaa vya kufungulia na picha nzuri za vimelea.

MwalimuBondo

Mtalala kwangu na mtakula samaki. Mwezi wa nane nasi tutakuwa tumefunga, lakini wiki ya kwanza wanafunzi wakubwa wanabaki kwa masomo ya ziada, na nitawaita na wadogo waje pia kwa kuwa ndio hawajachagua. Hadubini tunayo moja na taa yake imeungua, nitaomba nyingine shule jirani. Nitazungumza na mwuza nyama wa sokoni atuwekee moyo na mapafu ya ng'ombe asubuhi ile. NyarKano, Ahero si mbali: tunakuhitaji uwepo, wasichana wakuone.

NyarKano

Nipe tarehe, mwalimu. Nitakuja na mtungi wa AI.